Kuni, Umeme na Hesabu ya Nishati Jadidifu nchini Uganda

Katika takwimu za kimataifa za nishati jadidifu, Uganda huwa miongoni mwa nchi za juu kabisa duniani. Zaidi ya asilimia 80 ya nishati inayotumika nchini huhesabiwa kuwa jadidifu, kiwango kinachoizidi hata Norway yenye mabwawa mengi ya umeme. Nilipoiona nafasi hiyo kwa mara ya kwanza nilidhani ni kazi ya Mto Nile. Sivyo. Sehemu kubwa ni kuni na mkaa.

Ili kuelewa jambo hili inafaa turudi Jinja. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilimtuma mhandisi Charles Westlake achunguze namna ya kupata umeme kutokana na maporomoko ya maji ya hapo. Bodi ya Umeme ya Uganda iliundwa mwaka 1948, na tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale. Mitambo yake kumi ilipangwa kutoa jumla ya megawati 150. Umeme huo haukukusudiwa kwanza kwa ajili ya vijiji. Ulilengwa viwandani, kama vile kiwanda cha nguo na kile cha kuyeyushia shaba ya Kilembe, na kwa mkataba wa mwaka 1955 sehemu yake ikauzwa Kenya. Kwa hiyo hesabu zilizotunzwa zilikuwa za kibiashara: uniti zilizozalishwa, uniti zilizouzwa, wateja wenye mita. Mwanamke aliyebeba mzigo wa kuni kichwani hakuwa na mita, basi hakuwamo daftarini.

Kuni ziliingia baadaye, wataalamu walipotaka kujua nishati yote ya nchi. Ziliingia kwa makadirio, na ziliwekwa upande wa nishati jadidifu kwa hoja kwamba mti uliokatwa unaweza kuota tena. Hapa ndipo ninapotofautiana nao. Kuweza kuota si kuota. Kwa takwimu za serikali yenyewe, misitu ya Uganda ilipungua kutoka takriban asilimia 24 ya ardhi mwaka 1990 hadi asilimia 9 mwaka 2015. Mashamba na makazi yana lawama yake pia, lakini mkaa haumo nje ya kesi hiyo.

Udhaifu wa hesabu hii unaonekana wazi zaidi katika miaka ya 2005 na 2006. Ukame, pamoja na maji mengi yaliyopitishwa kwenye mitambo ya Jinja, vilishusha kina cha Ziwa Viktoria. Umeme ukawa wa mgawo, na serikali ikakodi mitambo ya dizeli. Katika takwimu za umeme, sehemu ya nishati jadidifu ilishuka. Lakini jikoni je? Mama yangu wakati huo alikuwa amepanga chumba mjini na alipikia jiko dogo la umeme. Anasimulia kwamba baada ya miezi michache ya giza alilifunga kwenye boksi, akanunua sigiri na gunia la mkaa. Gunia lile lilihesabiwa kuwa nishati jadidifu. Yaani taabu ile ile iliyoonekana kama hasara kwenye umeme iliweza kuonekana kama faida kwenye jumla ya taifa.

Tangu hapo mabwawa yameongezeka: Bujagali yenye megawati 250 mwaka 2012, Isimba yenye megawati 183 mwaka 2019, na Karuma yenye megawati 600, lililozinduliwa rasmi mwaka 2024. Hata hivyo, bei ya umeme bado inawafanya wengi wautumie kwa taa, simu na redio tu, huku sufuria ikibaki juu ya mkaa. Mwaka 2023 Rais Museveni alipiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi, ambako wenyeji walilalamika kwamba miti yao inakwisha ili Kampala ipike. Kwa hiyo gunia lile lile ni adui wa msitu katika amri ya Rais, na ni sifa ya taifa katika takwimu.

Mwaka jana mama alinunua mtungi wa gesi. Moshi umepungua nyumbani na kikohozi chake cha asubuhi kimepoa. Gesi hiyo huagizwa kutoka nje na hutokana na mafuta ya ardhini, kwa hiyo katika hesabu ya nishati jadidifu nyumba yetu imerudi nyuma.