Nyumba ya Chama ni ya Nani?



Ukipanda kutoka mjini Moshi kuelekea Kilema, Kibosho, Machame au Rombo, hutakosa kuiona nyumba ya chama cha msingi. Ndani yake mna mizani, meza ya karani na nafasi ya kupanga magunia. Na magunia yakishaondoka, hapo hapo wanachama hufanyia mikutano yao. Juma hili tunapenda kuitafakari nyumba hiyo, kwa kuwa tunaipita mara kwa mara bila kuulizana ni ya nani.

Kahawa ilipandwa Kilema na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, afisa wa Kiingereza Charles Dundas aliwahimiza Wachagga waipande katika vihamba vyao, chini ya migomba. Walowezi hawakupendezwa. Jirani zetu wa Kenya wakati huo walizuiwa kulima kahawa ya arabika, na walowezi wa huku walitamani hali iwe hiyo hiyo. Ndipo mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, Joseph Merinyo akiwa rais wake wa kwanza. Chama hicho kilizaliwa ili kutetea haki ya mtu kupanda mti katika ardhi ya baba yake. Biashara ilifuata baadaye.

Mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na KNCU, muungano wa vyama vya msingi, chini ya meneja Mwingereza, A. L. B. Bennett. Mkulima alileta kahawa chamani, ikapimwa, akapewa malipo ya awali. Yaliyobaki aliyangoja hadi kahawa iuzwe. Gharama za kukiendesha chama zilitoka katika makato ya kahawa hiyo hiyo. Kwa hiyo kila jiwe la nyumba ile lilitoka shambani. (Tuongeze kwamba mama ndiye aliyechuma na kubeba, lakini daftarini kwa kawaida liliandikwa jina la baba.)

Hata hivyo, serikali ya kikoloni iliweka kanuni ya kumlazimisha kila mkulima Mchagga auze kwa njia ya KNCU. Bei ilipoanguka, mwaka 1937 ghasia zikazuka mlimani, na hasira ya watu ikaiangukia ile ile mizani iliyowekwa kwa ajili yao. Si rahisi kulieleza jambo hili kwa wale wanaodhani kwamba ushirika wetu daima ulikuwa na amani. Watu hawakuukataa ushirika, maana miaka 12 tu nyuma walikuwa wameuanzisha wenyewe kwa hiari. Walichokataa ni kuambiwa kwamba chama ni chao huku hawana ruhusa ya kutoka.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema, hasa ya 1950, bei ya kahawa ilipopanda. Kisha mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vya ushirika nchini kote. Kazi yake ikagawanywa kati ya vijiji na mamlaka ya kahawa, bila wanachama kupiga kura. Sheria ya 1982 iliurudisha ushirika, na KNCU ikasimama tena mwaka 1984, lakini mkulima aliyeona jinsi mali ya chama inavyoweza kuhamishwa kwa amri hakurudi na moyo ule ule. Soko lilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1990, wanunuzi binafsi walifika hadi vijijini na fedha taslimu, na wengi wakawauzia. Hatuoni sababu ya kuwalaumu, kwa maana ada ya shule haingoji malipo ya pili. Wengine waling'oa mibuni wakapanda mazao yenye fedha ya haraka.

Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa ya wakulima wadogo ipitie tena kwenye vyama vya ushirika. Hivyo magunia yakarudi kwenye mlango ule wa zamani, na safari hii pia yakirudishwa kwa agizo. Tungependa kujua katika kila kijiji ni wanachama wangapi huhudhuria mkutano mkuu wakati hesabu zinaposomwa, na miongoni mwao ni akina mama wangapi walio na namba ya uanachama kwa jina lao wenyewe. Daftari lipo mezani kwa karani, na mwanachama ana haki ya kuomba alione.