Unataka Kugeuza Pikapu Mtumba Iwe Ndai ya Safari? Anzia Chini, Taa Zingoje

Umeziona. Pikapu imeinuliwa juu, taa kama za uwanja ziko kwa paa, hema limefungwa nyuma, imepaki petrol station ikipiga luku. Kitu poa kabisa. Shida ni kwamba Chalbi haisomi stika. Huko kati ya Marsabit na Ziwa Turkana jua linachoma, netiweki inapotea, na unaweza kaa saa nyingi bila kuona gari lingine. Rejeta ikipasuka, hizo taa zitakusaidia kuona vizuri vile umekwama.

Kwa hivyo kama uko na ganji kidogo na ndoto kubwa, kitu ya kwanza ni kujua doo inaenda wapi kwanza. Mpangilio ni huu.

1. Kununua: angalia chuma, si rangi

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari ambalo limezidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba zile Hilux, D-Max na Hardbody za zamani utapata hapa hapa nchini, na nyingi zimefanya kazi ya punda: mchanga, mawe, viazi, miraa. Ingia chini na tochi. Kagua chasisi hasa nyuma ya kebini na pale springi zinashikia, ndio huwa inapinda au kupasuka mzigo ukizidi. Ukiona imechomelewa hapo na muuzaji hana maelezo, sepa.

Ambia muuzaji asiwashe injini kabla ufike, uione ikiamka baridi. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Fungua kifuniko cha oili: ukipata kitu inakaa chai ya maziwa, maji yameingia kwa injini. Jaribu 4x4, haswa ile gia nzito ya 4L, kwa vumbi au nyasi, si kwa lami. Halafu fanya search ya NTSA kwa eCitizen ujue mwenye gari ni nani na kama kuna deni limeshikilia logbook. Broka akikuharakisha kabla ya hapo, jua unapigwa.

2. Afya kwanza

Kabla ununue hata kikombe cha kambi, badilisha vitu vya kawaida: oili zote (injini, giaboksi, difu mbili na transfa), filta, belti, hosi za maji, brek pedi na bushi zimeisha. Safisha rejeta. Chukua fundi mwenye anajua injini hiyo, na ukae hapo akifanya kazi. Utajifunza ndai yako, na huo ujuzi ndio utakuokoa mbali na garaji. Belti na hosi za zamani zikiwa bado nzima, weka kwa boksi kama spea.

3. Taya, halafu springi

Taya za A/T zinatosha watu wengi: lami, vumbi, mawe na matope kiasi. M/T zinang'ata matope vizuri lakini zinapiga kelele kwa lami na zinakunywa mafuta. Beba pampu ya upepo na kipimo. Kwa mchanga laini unashusha hadi kama psi 15 au 18, taya inatandaza na gari inaelea. Ukirudi kwa barabara ngumu jaza tena, juu taya laini kwa spidi inachemka na kupasuka.

Kuinua inchi 2 inatosha. Ukiinua sana, shafti za mbele zinakaa kwa pembe mbaya zinaisha haraka, na ndai inakuwa rahisi kupinduka kwa kona. Springi na shoks zichaguliwe kulingana na uzito utabeba, si kulingana na picha umeona.

4. Uzito ndio adui

Piga hesabu. Watu wanne ni kama kilo 300. Bampa ya chuma na winchi, kilo 80. Hema la juu, 60. Maji lita 60 ni kilo 60. Dizeli mitungi miwili ya lita 20, kama kilo 34 bila mitungi. Spea taya ya pili, 35. Hapo uko karibu kilo 570, na hujaweka chakula, nguo, jiko wala spana. Double cab nyingi zinabeba kati ya kilo 800 na tani moja, watu wakiwa ndani ya hiyo hesabu. Kila kitu unaongeza, jiulize ukiiacha nyumbani nini itaharibika. Kama jibu ni "picha", iache. Vitu vizito viweke chini na mbele ya ekseli ya nyuma.

5. Kujitoa ukikwama

Sepetu, mbao mbili za kuweka chini ya taya, kipande cha mbao pana cha kukalisha jeki kwa mchanga, na kamba ya kuvuta yenye nguvu ya kutosha. Kamba ifungwe kwa ndoano iliyoshikwa kwa chasisi na bolti. Usiwahi kuifunga kwa ile mpira ya kuvutia trela: ikikatika inaruka kama risasi na imeshaua watu. Wakati wa kuvuta, kila mtu akae mbali. Winchi ni nzuri, lakini kama hamna mti wala gari ingine, itavuta nini?

Ukiongeza taa au friji, weka fyuzi na rilei. Waya za kubahatisha huchoma gari.

6. Karatasi

Ukibadilisha injini, rangi au bodi, logbook lazima isome hivyo, na insurance waambiwe. Ajali ikitokea na karatasi hazifanani na gari, utabaki na hasara peke yako.

7. Jaribu karibu kabla ya mbali

Pakia kila kitu, shuka Magadi, halafu rudi ukipanda hadi Kona Baridi wakati wa jua. Huo mlima na joto vitakuambia ukweli kuhusu rejeta, klachi na brek, na bado uko karibu na Nairobi. Kaza bolti zote ukirudi. Kikiharibika kitu, shukuru kimeharibika hapo.

Ukiwa tayari kwa kaskazini, uliza wenyeji wa Marsabit kuhusu mvua kabla ya kuingia Chalbi, juu ikinyesha ile chumvi inageuka matope ya kumeza gari. Endeni ndai mbili, na muache mtu nyumbani anajua njia na siku ya kurudi.

Doo ikibaki baada ya hayo yote, sasa nunua taa.