Saladi 3 Rahisi za Kukusaidia Kujikinga na Kansa

Msee, hakuna saladi inatibu kansa, usidanganywe. Lakini kula mboga kwa wingi kunasaidia kupunguza hatari. Jaribu hizi:

1. Kabeji na karoti
Katakata kabeji laini, ngoja dakika chache, kisha kamulia ndimu. Kuikata ndiko kunatoa zile kemikali wanasayansi wanachunguza kuhusu kansa.

2. Kachumbari na avokado
Wekundu wa nyanya ni laikopini. Mafuta ya avokado husaidia mwili kuifyonza.

3. Madondo na hoho
Chemsha madondo yaive, changanya na hoho, kitunguu na dania. Nyuzinyuzi zake zinalinda utumbo mkubwa.

Na ukiona uvimbe ama damu isiyoeleweka, usingojee saladi. Enda hosi mapema!