New Zealand: Mzee Burt Munro na pikipiki aliyoiboresha kwa miaka arobaini na saba

Filamu ya The World's Fastest Indian, iliyotoka mwaka 2005, ni miongoni mwa filamu zilizopendwa sana na watu wa New Zealand. Iliingiza zaidi ya dola milioni 7 katika majumba ya sinema ya nchi hiyo, kiasi ambacho wakati huo hakuna filamu ya nyumbani iliyokuwa imekifikia. Jina lake laweza kumpoteza msikilizaji: Indian hapa si Mhindi, bali ni chapa ya pikipiki za Kimarekani zilizotengenezwa Springfield, Massachusetts.

Mwongozaji wake, Roger Donaldson, ni mzaliwa wa Ballarat hapa Australia, aliyehamia New Zealand mwaka 1965. Huko alikutana na Burt Munro mwenyewe, akamtengenezea filamu fupi ya kumbukumbu mwaka 1971. Munro alifariki mwaka 1978, lakini Donaldson hakuiacha hadithi yake. Zaidi ya miaka thelathini baada ya filamu ile ya kwanza, alimpa Anthony Hopkins nafasi ya kumwigiza mzee huyo.

Katika filamu, Munro anaishi katika banda mjini Invercargill, kusini kabisa mwa nchi, akiwaudhi majirani kwa ngurumo za alfajiri na kwa tabia ya kuukojolea mlimau wake. Anaiweka nyumba rehani, anavuka bahari kwa meli ya mizigo akiwa mpishi, kisha anaendesha gari kuukuu hadi uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah. Anapofika, anaambiwa kwamba hakujiandikisha, na wakaguzi wanastaajabu kuona tangi la mafuta limezibwa kwa kizibo cha chupa. Takriban kila mgeni anayekutana naye njiani anaishia kumsaidia. Kwa hadithi ya mashindano, ni jambo la pekee kwamba haina adui.

Safari hiyo moja ya kwenye filamu, hata hivyo, imebeba safari nyingi. Munro, aliyezaliwa mwaka 1899, alinunua pikipiki yake aina ya Indian Scout mwaka 1920. Ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 600, na mwendo wake haukuzidi sana kilometa 88 kwa saa. Hakuwa na fedha za kuagiza vipuri vya mashindano, basi akajitengenezea mwenyewe: aliyeyusha pistoni kuukuu na kuzimimina upya katika kalibu alizotengeneza kwa mikono yake. Injini ilipovunjika, na ilivunjika mara nyingi, alianza upya. Vipande vilivyoharibika alivipanga kwenye rafu aliyoiandika kuwa ni sadaka kwa mungu wa kasi. Injini ile ikapanuliwa mpaka kufikia takriban sentimita za ujazo 950.

Alipoweka rekodi yake ya kwanza Bonneville, mwaka 1962, alikuwa na umri wa miaka 63. Alirudi mara kadhaa. Mwezi Agosti 1967, akiwa na miaka 68, aliweka rekodi ya daraja la injini zisizozidi sentimita za ujazo 1,000: kilometa 295.45 kwa saa. Filamu inampandisha juu zaidi, hadi kupita maili 200 kwa saa, yaani kilometa 322. Nyongeza hiyo haikuhitajika, kwa kuwa mwendo halisi wa pikipiki ya mwaka 1920 unatosha kumshangaza mtazamaji.

Filamu inamwonesha akiishi peke yake, na anayemzoea zaidi ni mtoto wa jirani. Munro halisi alikuwa na mke, ambaye baadaye walitengana, na watoto wanne. Ni mwanawe aliyegundua, miaka mingi baadaye, kwamba wastani wa mbio mbili za mwaka 1967, moja kwenda na moja kurudi, ulikokotolewa vibaya. Mwaka 2014, chama cha pikipiki cha Marekani kilikubali kosa hilo na kuisahihisha rekodi kuwa kilometa 296.26 kwa saa.

Pikipiki ya Munro huoneshwa leo katika duka la vifaa la E. Hayes mjini Invercargill, katikati ya nyundo, misumari na mashine za kukatia majani, na wageni huingia kuitazama bila kulipa kiingilio.