Mlango Wenye Vipande Vinne

Wasikilizaji, fungueni kurasa zenu, tusome polepole. Mwili umejengwa kwa seli, na kila seli imezungukwa na utando mwembamba wenye milango. Mmojawapo hupitisha punje za potasiamu.

Mwaka 1952 Waingereza wawili, Bwana Hodgkin na Bwana Huxley, walieleza jinsi walivyoupima umeme katika mshipa wa fahamu wa ngisi. Mlango wenyewe hawakuuona. Lakini hesabu zao zilikaa sawa walipodhani kwamba vitu vinne sharti vikae mahali pake pamoja, ndipo potasiamu ipite. Mbona vinne?

Jibu lilikawia. Mwaka 1991, huko Marekani, Bwana MacKinnon alionyesha kwamba mlango huo ni vipande vinne vya protini. Mwaka 1998 yeye na wenzake wakatoa umbo la mlango wa jamaa hiyo, uliotoka katika bakteria. Kila kipande hufumwa peke yake, kisha vinne hukutana utandoni kama watu waliozunguka sinia; tundu hubaki katikati.

Sasa shika kifundo cha mkono wako, usikie mapigo. Milango hiyo imo moyoni pia. Kipande kimoja kibovu chaweza kuuharibu mlango mzima, na mapigo yakaenda mrama.