Kardani na homosinetiki: viungo vinavyofikisha nguvu kwenye magurudumu

Kamyo inatoka Kamina kuelekea Kabongo, mara "tok!" chini ya gari. Injini bado inaunguruma vizuri, lakini magurudumu hayaendi. Mara nyingi kilichokatika ni kiungo cha kardani.

Kwa kamyo au HiAce inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, nguvu inatoka kwenye bwati ya vitesi na kufika kwenye ponti kwa njia ya chuma kirefu. Ponti inapanda na kushuka kwenye kila shimo, na barabara zetu tunazijua. Ndiyo sababu chuma hicho kinahitaji viungo vinavyopinda huku vikizunguka.

Kiungo cha kwanza ni kile chenye kruasiyo: msalaba mdogo wa chuma kati ya uma mbili, kila mkono wake ukiwa na ruloma ya sindano. Jina kardani linatokana na Gerolamo Cardano, Mwitaliano wa karne ya 16. Kina kasoro moja. Kikipinda, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo ule ule. Katika kila mzunguko unaharakisha na kupungua mara mbili. Kwa hiyo viungo huwekwa viwili, kimoja kila mwisho, cha pili kisawazishe kosa la cha kwanza. Lakini hilo linawezekana tu kama uma za miisho miwili ya chuma zimekaa mstari mmoja. Watu wanachomoa kardani katikati, kwenye meno yanayoteleza, halafu wanairudisha ovyo. Gari linaanza kutetemeka, lawama zinakwenda kwa matairi! Alama mbili za rangi kabla ya kuchomoa zinatosha kabisa.

Homosinetiki ni nyingine. Ndani ina gololi, kwa kawaida 6, na mwendo wake haubadiliki hata ikipinda sana. Ndiyo inayozungusha magurudumu ya mbele ya gari ndogo kama Toyota IST. Land Cruiser za kazi zina zote mbili: kardani chini, homosinetiki ndani ya ekseli ya mbele. Adui wake ni mchanga: kwa gari ndogo, suflé ya mpira ikipasuka, grisi inatoka na mchanga unaingia.

Sauti zinatofautiana. "Tak-tak-tak" ukikata kona ni homosinetiki. Mshindo mmoja ukitia vitesi, au unga wa kutu kuzunguka kruasiyo, ni kardani iliyokauka grisi. Vumbi la njia ukilifuta linakwisha. Ule unga wa kutu unarudi.

Na kabla ya kuifungua, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Kwenye kamyo nyingi ndogo, na Land Cruiser fulani za zamani, freni ya mkono haishiki magurudumu: inashika kardani yenyewe, nyuma ya bwati. Kardani ikitoka, freni hiyo haishiki tena kitu, na hata kuacha gari ndani ya vitesi hakusaidii. Mahali pa mteremko, gari litamwendea aliyelala chini yake.