Ng'ombe Wetu, Nchi Hii: Maneno ya Kumiliki katika Kiingereza na Historia ya Ngorongoro

Maneno yaliyochapwa hapa ni yale yale yaliyosomwa redioni, ili yeyote ambaye redio yake ilikoroma apate kuyasoma, na yeyote asiyesoma upesi apate kuyafuata kwa kidole. Fungua daftari lako, uweke kalamu karibu.

Leo tutatazama maneno madogo ya Kiingereza yanayotujulisha kwamba kitu ni cha nani: "my", "your", "his", "her", "our", "their". Tutayatazama kwa njia ya historia, na historia yenyewe ni ya Karatu na Ngorongoro. Nimechagua huko kwa sababu maneno haya yaliwahi kuandikwa huko katika karatasi moja, na karatasi hiyo inazungumzwa mpaka leo.

Kwanza tuanze na lugha yetu. Sisi husema "ng'ombe wangu", "shamba langu", "kisima changu". Kitu hutangulia, mwenyewe hufuata nyuma, na neno la mwenyewe huvaa nguo ya kitu: wangu, langu, changu. Wamasai nao hutanguliza kitu. Mtoto wangu ni "enkerai ai", na mvulana wangu ni "olayioni lai". Wairaqw, ambao ni wengi sana Karatu, hubandika neno la mwenyewe mwishoni mwa jina la kitu. Lugha hizi tatu si za ukoo mmoja hata kidogo, lakini katika jambo hili zimepatana.

Mwingereza hugeuza. Yeye humtaja mwenyewe kwanza: "my cow", "my farm", "my well". Tena neno lake "my" halibadiliki, liwe la ng'ombe, la shamba au la kisima. Hapo mwanafunzi hupumua, maana hakuna ngeli za kukumbuka. Lakini asifurahi mno. Sisi tukisema "ng'ombe wake" hatujali kama mwenyewe ni mume au mke. Mwingereza hujali: mwenyewe akiwa mwanamume ni "his cow", akiwa mwanamke ni "her cow". Na neno "your" ni lako wewe mmoja, na ni lenu ninyi wote. Akikuambia "your cow" mbele ya kundi la watu, itakubidi umtazame macho yake ujue anamsemesha nani.

Mwenyewe akitajwa kwa jina, Mwingereza huongeza herufi s na alama ndogo inayoning'inia juu. Fimbo ya mzee ni "the elder's stick". Wazee wakiwa wengi, alama hiyo huhamia nyuma ya s: "the elders' stick". Soma yote mawili kwa sauti. Umeona? Sikio halisikii tofauti yoyote. Mzee mmoja na wazee mia ni sauti ile ile. Ni jicho tu linaloweza kujua fimbo ni ya mmoja au ya wote, na jicho lisilojua kusoma haliwezi. Tafadhali shika jambo hili, tutalirudia.

Sasa twende Ngorongoro. Mwaka 1895 Serikali ya Wajerumani ilitoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Taji, yaani ya dola ya Ujerumani. Mfugaji aliyehama na ng'ombe wake kufuata majani na mvua, akarudi mwaka wa pili, hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba yeye ndiye mwenyewe. Kabla ya Vita Kuu ya kwanza ndugu wawili Wajerumani, jina lao Siedentopf, walikuwa wakilima na kufuga ndani ya kreta. Mabaki ya nyumba yako huko bado. Kwa Kiingereza shamba la mmoja wao ni "Siedentopf's farm". Jina la mtu, alama, s, kisha shamba: ni rahisi hivyo kwa mtu aliyeandikwa kitabuni.

Waingereza walipoitawala Tanganyika walitunga sheria ya ardhi mwaka 1923, wakaiita ardhi yote ya nchi "public lands", ardhi ya umma, nayo ikawa chini ya amri ya Gavana. Upande wa Oldeani, karibu na Karatu, walowezi, wengi wao Wajerumani, walianzisha mashamba ya kahawa. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 mashamba hayo ya Wajerumani yaliitwa "enemy property", mali ya adui, yakawekwa mikononi mwa msimamizi wa Serikali. Mibuni ilibaki pale pale. Kilichobadilika ni neno lililotangulia.

Hapo pana jambo la sarufi. Katika "enemy property" hakuna s wala alama. Mwingereza amepanga majina mawili kama matofali, bila udongo katikati. Hupenda sana kufanya hivyo. Mji wa Mto wa Mbu, unaoupita kabla ya kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Karatu, yeye angeuita "Mosquito River", na ile "wa" yetu ingepotea. Mwaka 1951 ilitangazwa "Serengeti National Park", nyanda za juu za Ngorongoro zikiwa ndani yake. Majina yamepangwa tena, wala hukuambiwa ni ya nani. Ukitaka kusema kwa Kiswahili huwezi kukwepa, lazima useme Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ya Taifa! Na Mmasai aliyekuwa akichunga humo, je, alihesabiwa katika Taifa hilo? Hilo ndilo lililogombaniwa miaka iliyofuata, maana wengine walitaka hifadhi isiwe na watu kabisa, na watu walikuwamo.

Basi tufike kwenye ile karatasi. Tarehe 21 Aprili 1958, wazee 12 wa Kimasai, malaigwanani wa Ngorongoro na Loliondo, walikubali kwa maandishi kuondoka Serengeti ya magharibi. Mpaka walikuwa wameonyeshwa na Mkuu wa Wilaya kutoka Monduli. Karatasi iliandikwa kwa Kiingereza, na Wamasai walioweza kusoma Kiingereza siku zile walikuwa wachache sana.

Tuisome kama wanafunzi wa sarufi. Wazee wanasema watahama pamoja na ng'ombe wao, na karatasi inaandika "our cattle". Wanyama wao wengine na vyombo vyao vina "our" vilevile. Lakini nchi wanayoiacha inapotajwa, "our" haipo. Imeandikwa "this land", nchi hii. Tena kile wanachokiacha kinaitwa "our claim". "Claim" ni dai. Dai ni kitu unachokiomba au kukitetea mbele ya mwingine, bado hujakubaliwa. Kwa hiyo ng'ombe ni wetu, vyombo ni vyetu, nchi ni hii tu, na kilicho chetu katika nchi hiyo ni dai. Nadhani mwandishi wa karatasi ile aliyapima maneno yake vizuri.

Na "our" yenyewe ni ya nani? Wazee 12 walisema kwa niaba ya Wamasai wote wa sehemu zile. Neno la herufi tatu liliwabeba watu maelfu, na wengi wao hawakuwapo.

Mwaka 1959 Serengeti na Ngorongoro zilitenganishwa. Ngorongoro ikawa eneo la hifadhi ambamo watu na mifugo waliruhusiwa kukaa pamoja na wanyama wa porini. Mwaka ule ule Gavana Richard Turnbull aliliambia baraza la Wamasai kwamba, maslahi ya wanyama na maslahi ya watu yakigongana, ya watu yatatangulia. Ahadi hiyo bado inakumbushwa mara kwa mara. Hata hivyo, mwaka 1974 wakazi wa ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka 1979 Ngorongoro iliandikwa na UNESCO kuwa "World Heritage", urithi wa dunia. Majina mawili, matofali mawili tena. Na tangu mwaka 2022 Serikali imekuwa ikizihamishia familia za Ngorongoro kijiji cha Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali husema wanahama kwa hiari yao. Wengi wamelalamika, na wako waliokataa kuhama.

Sasa mazoezi. Andika kwa Kiingereza maneno haya: kisima chetu, ng'ombe wao, shamba lake, na mwenyewe ni mwanamke, alama ya mzee, alama za wazee. Katika mbili za mwisho angalia sana mahali pa ile alama ndogo, maana mwalimu wako hataweza kuisikia. Ataitafuta kwa macho.

Sentensi ya mwisho ni ngumu: "Hapa ni kwetu." Mtu wa Ngorongoro aliweza kuisema mwaka 1958, na anaweza kuisema leo. Ukiandika "our" peke yake, Mwingereza atangoja. Lugha yake inataka jina lifuate: "our" nini? "Home", "land", "country", au "claim"? Chagua moja, uandike daftarini, na darasani umweleze mwenzako kwa nini umelichagua hilo.